Jina Lako Limebaki kwenye Jalada

Lusajo, ndugu yangu,

Utafiti wetu umepita. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla sijapanda basi la kurudi nyumbani Iringa, maana ungenuna ukisikia kwa mtu mwingine.

Baada ya kukuzika Uyole, msimamizi wetu alinitaka nitoe jina lako, eti marehemu hatahiniwi. Nikakataa. Darasa zima linajua kwamba ile programu ya kutambua faili lililoongezwa, kubadilishwa au kufutwa uliiandika wewe, ndani ya kernel, kiini kinachoendesha kompyuta nzima. Mimi niliandika ripoti na kukukumbusha kula.

Unakumbuka siku ilipofanya kazi mara ya kwanza? Iliandika taarifa yake kwenye faili, ikaona faili limebadilika, ikaandika tena, na tena, mpaka diski ikajaa. Mimi nilitaka kulia. Wewe ulicheka ukashika mbavu: "Dada, mlinzi wetu anajikamata mwenyewe." Kisha ukakaa ukaifundisha isijiripoti. Sijaona mtu mwingine anayefurahia kosa lake namna ile.

Mbele ya jopo la watahini niliulizwa kwa nini tusikague mafaili mara mojamoja tu. Nikajibu kwa maneno yako, yale ya kibanda cha viazi cha mama yako: "Ukipita jioni utajua viazi vimepungua. Aliyekaa mlangoni anajua nani kachukua." Wakacheka. Halafu mwalimu mmoja akahamisha faili kutoka folda moja kwenda nyingine, na programu ikasema limefutwa. Nikasema ukweli tu, kwamba sehemu hiyo ni yako na bado siielewi. Wakanipa sharti: niirekebishe mwenyewe, la sivyo jina lako litoke.

Nilikukasirikia, Lusajo. Uliondoka bila kunielekeza, uliondoka tu. Lakini nilipoanza kuisoma programu yako mstari kwa mstari, nikakuta kila sehemu umeieleza kwa Kiswahili chepesi, hata mimi mwoga nikaweza kufuata. Ulikuwa unalitambua faili kwa jina na folda yake. Nikabadili, tulitambue kwa namba ambayo kernel hulipatia kila faili, isiyobadilika likihamia folda nyingine. Jopo walijaribu tena, programu ikasema limehamishwa. Wakatia saini.

Nilimpelekea mama yako nakala. Akapitisha kidole juu ya jina lako, la kwanza kwenye jalada, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu." Asante sana. Nililia palepale kibandani, wateja wakiangalia.

Pumzika, ndugu yangu. Ulikuwa na akili kutuzidi wote, na hukuwahi kutufanya tujione wajinga. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wameomba niwafundishe, nami nimekubali. Nakuahidi, wataisoma kazi yako kabla ya kusoma yangu.

Mwenzako,
Rehema