Gereon Petry, Askari Aliyekataa

Mwaka umezunguka, baba, tangu tulipokulaza kwenye udongo huu wa Hunsrück, hapa Ujerumani, mvua ikinyesha na nusu ya kijiji ikijifanya haina habari.

Waliojifanya hawana habari, na wasome hapa.

Mwaka 1944, ukiwa askari kijana huko Italia, ofisa wako alikuamuru uchome ghala. Ndani watoto walikuwa wakilia. Uliweka bunduki chini. "Mimi ni fundi wa paa," ulimwambia. "Sichomi nyumba za watu."

Kibiriti akapewa mwingine. Hilo hukulificha wala hukujivunia kukataa kwako. Wewe ulipelekwa kikosi cha adhabu, kufukua mabomu, ukarudi kwa mama huna vidole viwili na sikio moja limekufa.

Nyumbani wakakuita msaliti, mwoga aliyekimbia vita. Baani ulihudumiwa wa mwisho, bia imekwisha povu. Hata hivyo kila Jumapili ulikwenda, umevaa koti lako zuri, ukainywa yote.

Tunakumbuka dhoruba iliyong'oa paa la jirani yetu Konrath, yeye aliyewahi kukutemea mate hadharani. Alikuja kofia mkononi. Ukapanda, kisha ukapaza sauti kijiji kizima kisikie: "Shika ngazi vizuri, Konrath! Ukiona hatari, usije ukakimbia kama mimi!"

"Ezeka, Gereon, acha maneno," akajibu, akiikaza ngazi kwa mikono miwili.

Hakukuita msaliti tena. Samahani hakuomba, nawe hukuisubiri.

Ulipenda supu ya viazi. Kanisani uliimba vibaya, kwa sauti kubwa, na tulipokugusa kwa kiwiko ulizidisha. Hukutupiga hata mara moja, enzi ambazo kila baba alipiga.

Mwezi uliopita mzee wa kanisa alimjia mama. "Trudel, kwenye jiwe la kaburi andikeni 'fundi' tu. Mengine yataamsha maneno."

"Na yaamke," mama akamjibu. "Yamelala vya kutosha."

Jiwe limesimama, baba. Chini ya jina lako limeandikwa: ALIAMRIWA. ALIKATAA. Linatazama njia ya kanisani. Hakuna aendaye ibadani asilipite.

Unakumbukwa na mkeo Trudel, wanao Irmela na Volkmar, mkweo Annegret, na mjukuu wako Silke, ambaye naye hanyamazishiki.

Hatutakusahau kamwe, wala wanakijiji hatutawaacha wakusahau.