Josho la Kambi

Mjukuu wangu Kabula, mwangaluka. Hapa Somanda tumeamka salama. Mjomba wako amemaliza kuvuna pamba, na goti langu siku hizi linanisumbua asubuhi tu.

Unauliza kama ni vizuri jeshi kumpa mtu binafsi mali yake aiendeshe, maana ofisini kwenu mmeletewa mkataba wa namna hiyo. Nitakwambia nililoliona wakati wa soko huria, nilipokuwa mpiga chapa kambini.

Kambi ilikuwa na josho. Kila Alhamisi wanakijiji waliwaogesha ng'ombe wao humo bure, na kila kiangazi walifyeka nyasi kuzunguka kambi ili moto usiifikie. Kisha josho likakabidhiwa kwa mfanyabiashara wa mjini, aliendeshe kwa ubia na kambi. Mkataba niliuchapa mimi: bomba, dawa, uzio, hata ufunguo. Alhamisi ya kijiji haikuandikwa. Nani asiyeijua?

Alhamisi iliyofuata ng'ombe walikuta lango limefungwa. Mfanyabiashara hakuwa mtu mbaya. Aliwaonyesha wanakijiji karatasi tu.

Kiangazi kikafika, nyasi zikasimama hadi kiunoni. Kamanda akamwendea baba yangu, aliyekuwa mzee wa kijiji, kumuuliza mbona watu hawaji kufyeka.

"Kwenye karatasi hatumo," baba akamjibu.

Kamanda alirudi ofisini, akaniambia niweke karatasi mpya kwenye mashine. "Anza na Alhamisi," akasema.

Ni mimi bibi yako, niliyeuchapa ule wa kwanza.