Neno la Mzee Raza

Kinyerezi, 4 Septemba 2024

Mama mdogo Nunu, shikamoo.

Natumai miguu imeacha kuvimba na sikio la kushoto halikusumbui sana. Mimi mzima wa mwili. Bagia ulizompa Mauwa zimefika. Huyu jirani yako ni mpishi mzuri hapa hospitali, ila zilizonifikia ni kumi na moja, hesabu ya ajabu kutoka kwa mtu kama wewe.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelazimika kupiga kelele ndipo usikie, na jambo hili si la kupigia kelele.

Wodini kwetu, kwa wagonjwa wa akili, yupo Mzee Raza, Mhindi, fundi saa wa zamani. Aliletwa mwezi wa sita baada ya kuvunja vyombo nyumbani kwake na kutaka kumpiga kila anayemsogelea. Alikuwa ametulia. Daktari alishamkubalia ruhusa ya siku moja aende harusini kwa binti yake Kubra, tarehe 12 Oktoba, na hapiti mtu wodini asiambiwe habari hiyo.

Jumapili asubuhi nilikuwa na haraka. Mzee anachelewa kutoka bafuni, dawa zinasubiri. Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba mgonjwa wa namna yake usimjie kwa nyuma: simama ubavuni akuone, mpe nafasi, sema taratibu. Mimi nikamshika bega kwa nyuma. Akageuka akaning'ata mkono. Na mimi, Mama mdogo, nikamzaba kofi la shavu. Hapakuwa na mtu.

Kila Jumanne tunakaa kikundi, wagonjwa na wauguzi, viti vimezungushwa duara, kila mtu anasema lililo moyoni mwake. Jana Mzee Raza akasema, "Muhsin alinipiga kofi." Sista Farida, mkuu wetu wa wodi, akanitazama. Nikajibu, "Mzee, uliota."

Wakaandika kwenye faili kwamba bado anadhani wauguzi wanamdhuru. Dawa imeongezwa. Ruhusa ya harusi imefutwa. Nifanye nini?

Mwanao,
Muhsin

Mtoni, 7 Septemba 2024

Mwanangu Muhsin, marahaba.

Mie sijambo, miguu ni ileile na dua zangu ni zilezile. Bagia zilikuwa kumi na tano. Muulize Mauwa, na umuulize akiwa hajashika mwiko.

Mkono umeuosha? Umechomwa sindano? Hilo hukuliandika, umeandika ya mzee tu. Mtu akikung'ata usicheze, jino la binadamu lina sumu.

Sasa nisikilize. Nyamaza. Kofi moja halijaua mtu, na yeye ndiye aliyeanza. Miaka mitatu ulikaa dukani kwangu ukinikatia vitambaa upande, wateja wananirudishia, mpaka Mungu akakupa hiyo kazi unayoipenda. Leo uitupe kwa kofi? Marehemu dada yangu kaniachia wewe, hakuniachia mwingine. Funika kombe mwanaharamu apite. Harusi zipo nyingi, binti atamletea picha.

Halafu ule. Mauwa anasema umekonda.

Mama yako mdogo,
Nunu

Kinyerezi, 18 Septemba 2024

Mama mdogo, shikamoo.

Hujambo na dukani hawajambo? Mkono umepona, sindano nilichomwa siku ileile. Nakula.

Nimenyamaza kama ulivyosema. Lakini nikueleze ninachokiona. Ile dawa iliyoongezwa imempiga chini Mzee Raza. Anatembea kwa kuburuta miguu, mate yanamdondokea kwenye shati. Kwenye kikundi hasemi tena. Brightson, kijana wa Manzese anayekaa kitanda cha pili, ndiye anayemfuta mdomo.

Jana nilikuwa nampa maji. Akanishika mkono, taratibu kabisa, akaniuliza, "Muhsin, hebu niambie wewe. Kichwa changu mie sikiamini tena. Niliota kweli?"

Nikamwambia apumzike. Mama mdogo, ningetamani angening'ata mkono wa pili.

Mwanao,
Muhsin

Mtoni, 29 Septemba 2024

Mwanangu Muhsin,

Salamu nyingi. Najua umekaa siku kumi na moja ukimuuliza Mauwa kama ana barua, na yeye anakujibu hana. Nilikuwa naandika nachana.

Nataka nikwambie habari za mjomba wako Muntasir. Wewe ulikuwa na miaka minne, humkumbuki. Kichwa kilipomharibikia, tulimpeleka kwa mtu mmoja aliyekuwa akiweka wagonjwa nyumbani kwake na kuwasomea. Kila Ijumaa nilikwenda kumtazama na chakula. Kila Ijumaa aliniambia, "Nunu, wananipiga." Mie nikamwambia huo ni ugonjwa unasema, si yeye. Nilimwambia kwa upole. Nilimkatia na kucha.

Alikaa kule mwaka mmoja, akafa. Baba yako alikuwa mmoja wa waliomwosha. Alitoka akakaa ukumbini. Baada ya arubaini ndipo akaniambia mgongo wa kaka yangu ulivyokuwa. Muntasir hakusema uongo hata Ijumaa moja. Nimekaa na hilo miaka yote hii, na sijamwambia mtu mpaka leo.

Nilipokwambia ufunike kombe, nilijua ninachofanya. Nilikuogopea wewe kuliko nilivyomwogopa Mungu, naye anisamehe. Nenda kaseme. Usimwite Farida pembeni ukamnong'oneza. Sema palepale kwenye viti, mbele ya waliosikia ukimwambia ameota.

Wakikufukuza, rudi. Mkasi upo palepale, kata upande utakavyo.

Mama yako mdogo,
Nunu

Kinyerezi, 2 Oktoba 2024

Mama mdogo, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama stendi, nikaisoma tena kitandani. Pole. Na ahsante. Kama ungekuwa karibu ningekukumbatia mpaka ukasirike.

Jana nimesema. Nilipopata zamu yangu nikasema, "Mzee Raza mlimwandika vibaya. Hakuota. Nilimpiga, halafu nikamgeuzia kibao." Brightson akasema, "Duh, braza!" Wengine wakaanza kuvuta viti nyuma, wakijua Mzee ataruka.

Mzee hakuruka. Dawa humchelewesha, nikadhani hakusikia. Kisha akaniuliza, "Siku gani?"

"Jumapili."

"Shavu gani?"

"La kushoto."

Akaligusa. "Na mie nilikung'ata?"

"Ndiyo, Mzee. Mkono huu."

"Basi kichwa changu kipo," akasema, akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye.

Sista Farida alikuwa amekasirika hata kalamu inamkwama. Mzee akamwambia, "Andika, sista. Halafu nipe nisome." Akaandika, akampa, Mzee akasoma mstari kwa mstari kwa kidole. Daktari ameanza kupunguza dawa. Mimi nimeitwa mbele ya kamati ya nidhamu Ijumaa. Niombee.

Mwanao,
Muhsin

Mtoni, 6 Oktoba 2024

Mwanangu,

Mzima? Mie mzima. Barua yako nimeisoma mara tatu dukani, mara ya tatu nikalia mteja akaniona, nikamdanganya kuwa ni vumbi la vitambaa.

Nimekukasirikia kwa lile kofi, usidhani nimesahau. Ukija nitakuvuta sikio, ukubwa wako haunihusu. Na najivuna nawe mpaka naona haya.

Kamati imesemaje? Ijumaa imepita na Mauwa kaja mikono mitupu. Niandikie hata mistari miwili.

Mama yako mdogo,
Nunu

Kinyerezi, 13 Oktoba 2024

Mama mdogo, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Nilitaka nikuandikie likiwa limekwisha.

Kamati walimwita na Mzee Raza. Mmoja wao akamuuliza, "Mzee, una hakika? Mgonjwa anaweza kuchanganya mambo." Mzee akajibu, "Alinipiga kofi moja. Mie nilimng'ata kwanza. Alinijia kwa nyuma, nikashtuka." Hakuongeza, hakupunguza. Nimepewa barua ya onyo na nimetolewa wodini miezi mitatu, niko stoo ya mashuka. Nakunja shuka vizuri kuliko nilivyokata vitambaa vyako.

Ruhusa ya harusi ikarudi, kwa sharti aende na muuguzi. Mzee akanitaka mimi. Sista Farida akamwambia, "Huyu ana adhabu. Chagua mwingine." Mzee akasema, "Wengine nikisema neno, wanaangaliana kwanza." Sista akatoka nje ya ofisi. Aliporudi akaniambia nitafute shati la heshima.

Basi jana nilikuwa harusini, Mama mdogo. Nilikaa upande wa wanaume, ubavuni kwa Mzee, kama tulivyofundishwa. Alivaa suti ya zamani inayompwaya, akapeana mikono na watu wote. Wengine walimpa mkono huku wamerudisha mguu mmoja nyuma. Aliwaona, akawapa mkono vilevile. Kubra alipokuja kumbusu baba yake hakurudi nyuma hata kidogo.

Wakati wa kula, mdogo wake Mzee anayeitwa Nasim akanisogelea, akaniinamia sikioni. "Kaka anasema ameshakunywa dawa yake ya jioni. Ni kweli?"

Nilijua ni kweli, nilimpa mwenyewe na maji yake. Mzee alikuwa hatua mbili tu kutoka kwetu, anatutazama, sahani yake ameiweka chini.

Nikamwambia, "Yuko hapo. Muulize mwenyewe."

Nasim akasita. Kisha akageuka. "Kaka, umekunywa dawa?"

"Nimekunywa," akasema Mzee Raza.

"Haya," akasema Nasim, akaketi pembeni yake, akamwongezea biriani.

Mwanao,
Muhsin