Baba Alikujibu Kwenye Kundi la Darasa

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima? Kikohozi kimekuachia? Sisi hatujambo. Mgongo unanisumbua kwa kuinamia randa, lakini mkono unakwenda kinywani.

Barua hii anakuletea rafiki yako muuguzi. Uliapa kwamba nikimtaja Baba kwenye simu utakata, basi nimeona niandike. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Mwalimu wa jiografia wa binti yangu ameanzisha kundi la WhatsApp la darasa, na sisi wazazi tumo. Mwalimu mkuu alikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba lisilo la somo lifutwe papo hapo, la sivyo kundi lifungwe. Hata mimi nilidhani ni mchezo. Siku hizi namsikia binti akibishana na wenzake kuhusu mawingu huku anaosha vyombo.

Ile sauti uliyomtumia kuhusu baridi ya huko ilikuwa kazi ya darasa: kila mtoto amuulize ndugu aliye mbali kuhusu hali ya hewa. Aliiweka kwenye kundi, akaifungulia sebuleni. Baba alikuwa anakata kucha. Akaacha. Miaka mitatu hajasikia sauti yako! Akamwambia mjukuu wake arudie, eti hajaelewa habari za upepo. Ikarudiwa, ikarudiwa tena. Upepo gani huo, mdogo wangu?

Binti alipokwenda kuoga, Baba akaichukua simu, akabonyeza, akakujibu. Jibu likaenda huko huko kwenye kundi, ambako wewe humo. Maskini, hakujua anazungumza na darasa zima. Mimi nilimsikia nikiwa karakana, napiga randa mlango wa mteja. Alisema hivi:

“Mwanangu, nimekusikia unakohoa. Vaa nguo nzito. Hasira zangu zilikwisha zamani, ila sikujua nianzie wapi. Nijibu, mama.”

Mwalimu akaifuta, wazazi wakiwa wameshaisikiliza. Simlaumu, maana watoto wananufaika na kundi lile. Alinipigia mwenyewe kuniomba radhi, nikasikia kwamba amelia.

Shida ni kwamba Baba anaamini ulimsikia ukanyamaza. Nikimweleza ukweli, atajua wazazi wote wamemsikia, na unamjua alivyo. Hatagusa simu tena. Kila siku binti akitoka shule, Baba humuuliza kama mwalimu ametoa swali jingine la shangazi yake. Inaniuma sana kumtazama. Ijumaa hakuuliza.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma, usinijibu mimi. Mtumie binti sauti, na ndani yake umwite Baba.

Wifi yako anakusalimu. Binti anashukuru, alipata alama nzuri. Nisalimie mwenzako wa chumbani, yule mcheshi.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe ujasiri wa kubonyeza hicho kitufe kama mzee wako alivyobonyeza.

Anayekupenda bila masharti,
Kaka yako, fundi seremala.