Chekeche la Mama

Likasi, Jumatatu 3 Februari 2025. Mvua imekatika saa moja asubuhi.

Carine mwanangu,
Jambo sana. Uko muzima? Minye niko, ni mgongo tu. Nimesoma maana zako za neno la Kiingereza «fine», unazojifunza kwa mtihani wa ukalimani: siku isiyo na mvua, mtu asiye mgonjwa, nguo ya kupendeza, uzi mwembamba. Unga umeusahau! Miaka kumi na tisa nimechekecha mawe ya madini yaliyosagwa katika maabara. Unga ulipopita chekeche la mwisho, injinia wetu Mzambia alisema «fine», nami nikarudi nyumbani kichwa juu. Chekeche halitikiswi kama kayamba. Unaligonga kwa kiganja mara tatu, unangoja, kisha unasugua unga kwa vidole viwili. Ukisikia punje, unarudia.
Fomu ya mtihani umeijaza?
Mama yako, Philomène

Kitwe, 9 Februari

Mama mpenzi,
Jambo. Mgongo unaupaka mafuta? Mtihani ni tarehe 20. Kiwanda cha Kambove kinataka mkalimani mmoja, nasi tuko kumi na mmoja. Fomu nimejaza. Usikasirike, mama: kazi yako nimeandika «karani». Wazazi wa wenzangu ni walimu na madaktari.
Binti yako, Carine

Likasi, 14 Februari. Jua kali tangu alfajiri.

Carine,
Jambo. Niko muzima. Fanya mtihani vizuri.
Minye karani wako, Philomène

Kitwe, 21 Februari

Mama,
Jambo, mama yangu. Jana watahini waliniuliza maana za «fine». Nilitaja nne; waliandika bila kuinua macho. Kwa ya tano nilisimama. Nilishika hewani chekeche lisilokuwepo, nikagonga mara tatu, nikangoja, nikasugua vidole. Mzee mmoja akaweka kalamu chini.
«Nani alikufundisha?»
«Mama. Ni mchekechaji wa maabara. Kwenye fomu nilidanganya, naomba nisahihishe.»
Nilisahihisha mbele yao. Wakininyima kazi kwa uongo ule, ni haki yao. Majibu ni Jumatano.
Binti wa mchekechaji, Carine

Likasi, 27 Februari. Ukungu mpaka saa mbili asubuhi.

Mkalimani wangu,
Jambo, jambo tena! Ujumbe wako wa jana, kwamba kazi umeipata, nimewasomea wamama wote wa kanisa. Providence, mmoja wao, akanitania: «Sasa utavaa miwani kama mama ya bureau, wa ofisini!» Nikamjibu: «Miwani vaa weye. Minye iko na chekeche.»
Chekeche la nyumbani, lile la unga wa bukari, ugali wetu, nimelisugua likang'aa. Utalikuta ukutani.
Tangu tarehe 14, kwa lile neno «karani», daftari ninamoandika mvua, jua na usingizi linasema nimelala saa sita, saa saba usiku. Leo naandika: jana nimelala mapema, saa mbili na nusu usiku.
Mama yako, mchekechaji