Mstari wa Juu wa Kadi

Kimisagara, 9 Mei 1992

Mjukuu wangu Médiatrice,

Nakusalimu. Mimi ni mzima, ni mgongo tu, ule ule uliokubeba. Wewe unalala vizuri huko Kamembe, Cyangugu? Watoto wa shule wanakusikia? Arnaud mchumba wako hajambo?

Salamu zimekwisha. Sasa sikia.

Nimepeleka karatasi yako kwa Silvère mpiga chapa, hapo chini ya barabara, achape kadi mia mbili za harusi. Akanisomea kwa sauti mbele ya wateja: "Bwana Rwema ana furaha kukualika kwenye harusi ya binti yake." Rwema yupi? Yule aliyeaga kwamba anakwenda Goma siku tatu, wewe una wiki moja, asirudi hata kumzika mwanangu, mama yako? Huyo ndiye ana furaha? Ameipata wapi?

Silvère alikuwa ameshaanza kupanga herufi zake za chuma, moja moja. Nimemwambia azirudishe kwenye visanduku vyake. Amezirudisha.

Nyogokuru wako,
Gaudiose


Kamembe, 17 Mei 1992

Nyogokuru,

Hujambo? Pole na mgongo. Sisi wazima. Barua yako imefika imefunguliwa: askari wa bariyeri, wale wanaozuia magari njiani, wamesoma matusi yako kabla yangu, na dereva aliyeileta anasema walicheka.

Kadi ni yangu, si yako. Kwa akina Arnaud, kadi ya harusi inaanza na jina la baba. Binti asiye na jina la mwanamume juu wanasema ameokotwa. Baba nimempata, ameniandikia, atakuja. Unataka nimwambie nini, abaki huko huko?

Nimemwandikia Silvère aendelee. Lakini yeye hachapi oda yoyote mpaka mtu atie sahihi kwenye karatasi ya kwanza, ile ya majaribio, kwamba maneno yote ni sawa. Mimi siwezi kuacha darasa. Nenda utie sahihi kwa niaba yangu. Usiongeze neno, usipunguze neno. Sahihi tu.

Mjukuu wako,
Médiatrice


Kimisagara, 26 Mei 1992

Médiatrice,

Salamu zako zimefika, fupi kama mkia wa mbuzi. Mimi mzima. Askari wakicheka, wacheke. Na hii waisome.

Nimekwenda. Silvère amenipa karatasi ya majaribio, wino bado mbichi, na kalamu. "Mama, ukishasaini, kosa ni lako, si langu." Akataka kunisomea, nikakataa. Katekisimu nilisoma mwenyewe, sikusomewa. Unajua mimi nasoma kwa kidole. Kidole kimempita Rwema, kimekupita wewe, kimempita Arnaud, baba yake, mama yake, padri, hata mwenye ukumbi wa Gisimenti. Nimerudia mara tatu. Hakikunikuta mimi.

Sikusaini. Pombe ya mtama niliyopika na kuuza mpaka ukawa mwalimu, mtungi wake haukuandikwa Rwema. Karatasi nimeipiga msalaba kwa mkaa, ni hiyo ndani ya bahasha. Silvère analalamika kwamba ameishikilia mashine kwa ajili yetu wiki nzima. Nimemwambia aifunike.

Nyogokuru wako,
Gaudiose


Kamembe, 20 Juni 1992

Nyogokuru,

Natumaini u mzima. Kadi nimechapisha huku Kamembe. Huku hawadai sahihi ya mtu, zote mia mbili zimetoka asubuhi moja. Yako ni hii, usiseme nimekusahau. Tarehe 8 Agosti, saa nne. Karibu.

Médiatrice


Kimisagara, 28 Juni 1992

Wewe Médiatrice,

Leo sikuulizi afya. Mwenye nguvu ya kuandika hivyo ni mzima sana.

Nimefungua bahasha mbele ya jirani yangu Daphrose. Kadi! Na pale kwenye mstari wa nukta, mahali wanapoandikwa wageni, kwa kalamu ya bluu: "Bi. Gaudiose Mukunde." Yewe! Kadi hupewa mtu wa nje. Tangu lini mtu wa nyumbani akapewa kadi? Mama yake Arnaud umempa kadi? Siku hiyo utatokea mlango gani kama si wangu? Ng'ombe wa mahari walifungwa kwenye ua wa nani?

Daphrose aliisoma, akanyamaza, akaenda kwake. Daphrose kunyamaza! Hapo ndipo nikajua umenifanyia nini.

Kadi yako inarudi. Siji. Mimi si mgeni wako.

Gaudiose Mukunde,
kama ulivyoandika


Kamembe, 18 Julai 1992

Nyogokuru wangu,

Umeamkaje? Mgongo unaendeleaje? Wiki tatu nashika kalamu, naiweka.

Siku ile nilikuwa na rundo la kadi, naandika majina: mwalimu mkuu, masista, majirani. Nikafika kwako, nikaandika vilevile kama kwa wengine. Sikufikiri. Iliporudi, Arnaud aliikuta mezani akaniuliza, "Huyu Gaudiose Mukunde ni nani?" Miaka miwili anakuita Nyogokuru, jina lako halijui. Na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Kadi za Kamembe sijazigawa, nimezifungia sandukuni. Nimetuma maneno mapya kwa Silvère. Jina la baba sikulitoa na silitoi, usinibishie. Lakini kuna mstari juu yake. Silvère hachapi mpaka utie sahihi, na zimebaki wiki tatu. Ukikataa, watu watakuja harusini kwa kusikia tu.

Soma kwa kidole.

Mjukuu wako,
Médiatrice


Kimisagara, 24 Julai 1992

Mjukuu wangu Médiatrice,

Mimi mzima, na mgongo umefurahi kuulizwa. Nawe je, unakula? Bibi harusi mwembamba ni aibu yangu, si ya Rwema.

Nimekwenda kwa Silvère. Nimesoma polepole, wateja wamepanga mstari nyuma yangu wanaguna. Waliguna mpaka wakachoka. Juu kabisa: "Gaudiose Mukunde, nyogokuru aliyemlea." Hapo sikurudia mara tatu. Wino ulikuwa mbichi, umenishika kidoleni, na Daphrose nimemwonyesha.

Nimesaini. Rwema nimemwacha mstari wa pili, kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Ila nimemwambia Silvère ampangie kwa herufi ndogo kuliko zote alizo nazo.

Silvère akasema, "Lakini Mama, hizo hazisomeki."

Nikamwambia, ndizo hizo hizo.

Nyogokuru wako,
Gaudiose