Kiwanja cha Juu Ulikichagua Mwenyewe

Baba Zuhura,

Nilitaka nianze na "mpendwa", mkono ukakataa. Basi pokea hivyo hivyo. Juzi ulimtuma mdogo wako Shabani aje kuniomba njia ya lori, eti upitishe mchanga na tofali uanze kujenga kiwanja chako cha juu. Nilimpa Shabani maji ya kunywa, nikamwambia jibu nitalileta mwenyewe. Ndilo hili. Nimeliandika wazi alisome anayetaka, maana na wewe maneno yako kwangu hukuwahi kuyasemea chumbani.

Unakumbuka siku tuliyomaliza kulipia kile kiwanja cha Goba? Tulikuwa bado tumepanga chumba kimoja Tandika, mama mwenye nyumba anagonga mlango kuuliza nani kawasha pasi. Tukapanda kilima tumeshikana mikono, Zuhura mgongoni. Ukaokota kijiti, ukachora chini. "Hapa sebule. Hapa chumba chetu. Hapa jiko lako." Nikakwambia jiko nalitaka lenye dirisha kubwa, nimechoka kupikia kwenye korido. Ukafuta kwa mguu, ukachora upya, dirisha likala ukuta mzima. Tukakaa kwenye majani tukala mihogo ya kukaanga, pilipili ikakuwasha mpaka machozi yakakutoka, nikakucheka. Nilikupenda siku ile. Nilikupenda mpaka nikajionea aibu.

Ndiyo maana uliponipa talaka nilikaa wiki nzima siamini. Habari za huyo mwenzako wa Mikocheni sizirudii, mwenyewe unazijua. Mie nataka kusema siku ya kugawana. Walikuja wazee wa kwenu na wa kwetu, akaja mjumbe, ikaja kamba. Wakasema kiwanja kikatwe nusu kwa nusu, kila mtu ashike chake. Hukungoja hata kamba ivutwe. "Mie nachukua juu." Juu pakavu, juu kuna upepo, siku ya mbingu safi unaona mpaka bahari ya Kawe. Mimi ukaniachia bondeni, yanakopita maji ya kilima kizima. Mjomba wangu akauliza, je, huko juu mtu atapita wapi? Ukamjibu bila hata kumtazama, "Mzee, njia si ile kule nyuma, huioni?" Kule nyuma lilikuwa shamba la watu. Halafu ukanigeukia mbele ya wakwe, ukacheka.

"We kafuge bata."

Bata! Mimi, mama wa mtoto wako, niliyekaanga chapati tangu alfajiri ili kile kiwanja kipatikane.

Nilihamia bondeni nyumba haina dirisha hata moja. Bati lilifika nusu, kwingine nimeziba kwa viroba, mlango wa mabanzi. Masika ya kwanza maji yakaingia mchana kweupe, nikampandisha Zuhura juu ya meza, nikamkumbatisha madaftari yake. Nikakupigia. Sikukuomba hela, nilikuomba uje tushike jembe tuchimbe mtaro, basi. Ukasema, "Si una nyumba yako? Pambana na hali yako." Ukakata simu. Mtoto alikuwa anasikia, na mpaka leo hajawahi kuniuliza ulisema nini.

Haya, nikapambana. Mtaro nilichimba na wanawake wenzangu wa kikundi, kanga tumezifunga kiunoni, tunatukana wanaume kwa zamu. Wewe ulitukanwa zaidi ya zamu yako. Lori la mchanga lilipogoma kushuka kwenye tope, mchanga tuliubeba kichwani kwa ndoo. Leo bati limefika, madirisha yana nondo na vioo, sakafu nimeweka vigae, chooni bado. Siku niliyopigilia msumari ukutani nitundike saa, bila kumwomba mtu yeyote ruhusa, nilisimama nautazama ule msumari mpaka chai ikapoa. Na jiko lina dirisha, lile lile kubwa. Usije ukadhani ni kumbukumbu yako. Dirisha lilikuwa wazo langu, wewe ulishika kijiti tu.

Nikajenga na ukuta, maana kiwanja ni changu na mpaka wangu naujua. Mwenye lile shamba la nyuma naye akauza. Walionunua wamejenga, wamezungushia kuta zao. Sasa kiwanja chako kimefungwa pande zote, na pa kupitia pamebaki kwangu peke yake. Yule dalali uliyemleta mwaka jana ukitaka kukiuza alisimama getini kwangu, akatazama juu, akatazama ukuta, akaniuliza, "Sista, gari linapita wapi?" Nikamwambia, "Kamuulize mwenye kiwanja, yeye ndiye anayeionaga njia."

Sikudanganyi, nilifurahi. Siku ile nilipika pilau na wala haikuwa Ijumaa. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wewe ulitukana mkunga, ukatukana na kitanda chake.

Aliyenitibulia furaha ni mwanao. Zuhura yuko kidato cha pili sasa, kakurithi urefu na ule ukaidi. Shabani alipoondoka akaniambia, "Mama, si umfungulie tu? Ni baba." Iliniuma, sikufichi. Nilimwambia wewe kumwona yeye hakujawahi kufungwa, geti liko wazi, kibaraza kipo na chai ipo, ila hujawahi kuja. Akainamisha kichwa. Nikaona aibu kwa niaba yako, nikajifunga mtandio nikaenda kwa mjumbe.

Mjumbe ni yule yule wa siku ya kamba. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Akasema, "Mwanangu, lori hakuna wa kukulazimisha, kila mtu alichukua alichokitaka. Lakini jirani hafungiwi kabisa. Mtaani kwetu tunaacha angalau jeneza lipite."

Nilikubali palepale, mpaka mwenyewe akashangaa.

Kwa hiyo nimemwita fundi. Tumebomoa ukuta wa ubavuni tukausogeza ndani, kwa gharama yangu, sikudai chochote. Nilimpeleka fundi msikitini akalipime lile jeneza, nikamwambia aongeze nafasi ya mabega ya wabebaji, huku na huku, wasije wakajikwaruza. Kazi imeisha jana. Njia imenyooka, nimeifagia, nimemwaga na kokoto mvua isije ikaleta utelezi.

Basi njoo ujenge, Baba Zuhura. Ukija mzima utapita kwa miguu, tofali lako kichwani, kama tulivyobeba sie. Na siku ukija umebebwa utapita vilevile. Nitajitanda kanga yangu, nitasimama pembeni nikupishe kwa heshima zote, na machozi huenda yakanitoka. Lori halipiti.

Ni mimi jirani yako wa bondeni,

Mama Zuhura